UZI: Kufunga dohani ya jiko la kuni ndani ya nyumba bila kuhatarisha dari na paa

Mwanzisha uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Katika maeneo ya baridi ya nchi yetu, kuanzia Njombe, Makete na Mufindi hadi Lushoto na Mbulu, watu wengi siku hizi wanaweka jiko la chuma la kuni sebuleni ili kupasha nyumba joto. Mnunuzi hutumia fedha nyingi kwenye jiko lenyewe, kisha suala la dohani, yaani njia ya kutolea moshi, humwachia fundi wa mabati kana kwamba ni kazi ya nusu siku. Nimeona nianzishe uzi kuhusu dohani peke yake, na hasa kuhusu kile kipande kifupi kinachopita darini, kati ya silingi bodi na mabati, ambacho mwenye nyumba hakioni tena baada ya fundi kuondoka. Kwenye nyumba ninazoitwa kukagua, hapo ndipo ninapokuta hatari kubwa kuliko mahali pengine popote.

Hatari yenyewe iko hivi. Fundi hutoboa dari tundu lenye ukubwa uleule wa bomba, kwa sababu tundu linalobana bomba linapendeza machoni na panya hawapiti. Darini bomba hilo linapita likiwa limegusana na papi (mbao zinazopigiliwa mabati), au limesimama vidole viwili tu kutoka kwenye mguu wa kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa). Jiko likiwashwa kwa nguvu, bomba la ukuta mmoja, yaani la tabaka moja la chuma, hupata joto la mamia ya nyuzi, na mbao iliyo karibu nalo hukaushwa kila jioni. Mbao nzima kwa kawaida huhitaji joto la takriban nyuzi 250 za Selsiasi au zaidi ili iwake, lakini mbao iliyochomwa polepole kwa miezi na miaka hubadilika kuelekea kuwa mkaa, na mkaa huo hushika moto kwa joto la chini kuliko mbao ilivyokuwa mwanzoni. Ndiyo maana dohani mbaya inaweza kuhudumu misimu kadhaa bila tatizo lolote kuonekana, kisha paa likawaka usiku ambao jiko halikuchochewa kuliko siku nyingine.

Kwa hiyo jambo la kwanza kudai kwa fundi ni nafasi. Kiwango cha Marekani kiitwacho NFPA 211, ambacho hutumiwa sana katika kazi hii, kinataka bomba la ukuta mmoja liwe umbali wa sentimita 45, yaani inchi 18, kutoka kwa kitu chochote kinachoungua: mbao, pazia, kabati, kochi, na dari. Kiwango hichohicho hakiruhusu bomba la ukuta mmoja kupita darini wala kwenye paa. Linaruhusiwa ndani ya chumba peke yake, kati ya jiko na mahali dohani yenyewe inapoanzia. Wengine hujibu kwamba dari lao ni la jipsamu, nayo haiungui. Ni kweli kwamba jipsamu haishiki moto kwa urahisi, lakini imefunikwa karatasi na imepigiliwa kwenye mbao, kwa hiyo ihesabuni kuwa kitu kinachoungua.

Kupita darini kunahitaji mojawapo ya vitu viwili. Cha kwanza ni bomba la kuta mbili la kiwandani, la chuma cha pua, lenye sufi ya madini (nyuzi za mawe zisizoungua) katikati, ambalo limepimwa na kuandikwa umbali wake. Mabomba mengi ya aina hiyo yanahitaji nafasi ya sentimita 5 kutoka kwenye mbao pande zote. Naomba hili lieleweke vizuri: sentimita 5 ni umbali wa bomba lililopimwa. Fundi akikunja shiti mbili na kuingiza bomba moja ndani ya jingine, kazi yake inaweza kuwa nzuri, lakini hana haki ya kuazima namba hiyo. Nafasi hiyo nayo ni ya hewa tupu. Isijazwe gunia, sponji, sufi, wala mchanga na saruji. Saruji husafirisha joto hadi kwenye mbao, na sufi iliyoshindiliwa hulizuia joto lisitoke. Panya na vumbi huzuiwa kwa bamba la chuma lililokatwa kuzunguka bomba na kufungwa chini ya dari.

Cha pili ni dohani ya matofali ya kuchoma iliyojengwa kutoka ardhini, na kwa nyumba zetu mara nyingi hiyo ndiyo njia inayowezekana zaidi, kwa sababu matofali yapo na mafundi uashi wapo. Iwe na msingi wake, kwa kuwa uzito wake hufika tani moja na zaidi, na sakafu ya kawaida haikujengwa kubeba mzigo huo mahali pamoja. Kuta zake ziwe na unene wa sentimita 10 au zaidi, ndani yake lipite bomba la udongo wa kuchoma au la chuma cha pua, na mbao za paa zikatwe na kufungwa upya ili zikae sentimita 5 kutoka kwenye matofali. Kosa la kawaida hapa ni kuitumia dohani kama nguzo: fundi seremala anaona matofali imara, anaegemeza boriti juu yake, au anaipachika ndani kabisa. Mkikuta hali hiyo, simamisheni kazi.

Kabla ya kutoboa chochote, shusheni timazi (kamba yenye uzito) kutoka darini hadi pale jiko litakapokaa, mpande darini na tochi, na muone bomba litatokea wapi kati ya kenchi na papi. Ni rahisi kusogeza jiko sentimita 20 kuliko kukata mguu wa kenchi, na kenchi haikatwi kamwe kwa ajili ya dohani. Ikiwa jiko haliwezi kusogea, tumieni viwiko viwili vya nyuzi 45 kuikwepa kenchi. Kiwiko cha nyuzi 90 hupunguza sana mvuto wa moshi na hukusanya masizi.

Kuhusu kimo, kanuni inayofahamika ni hii: kichwa cha dohani kiwe juu ya paa kwa sentimita 90 au zaidi pale kinapotokezea, na kipite kwa sentimita 60 sehemu yoyote ya paa au jengo iliyo ndani ya meta 3 kutoka kwake. Waingereza hupendekeza urefu wa meta 4.5 au zaidi kutoka kwenye jiko hadi kileleni mwa dohani. Sisi wa milimani tuna jambo la kuongeza. Mji wa Njombe uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya tano. Moshi hupanda kwa sababu hewa moto iliyo ndani ya dohani ni nyepesi kuliko hewa baridi ya nje. Hewa ya nje ikiwa nyepesi tangu mwanzo, tofauti hiyo hupungua na mvuto hudhoofika. Dohani iliyofanya kazi vizuri Morogoro inaweza kurudisha moshi sebuleni Makete, kwa hiyo ongezeni urefu badala ya kuulaumu ubora wa jiko. Bomba likizidi meta 1.5 juu ya paa, lifungwe vyuma vya kulishikilia dhidi ya upepo.

Upana wa bomba ufuate mdomo wa jiko. Mdomo ukiwa milimita 150, dohani iwe milimita 150 hadi juu, na isipunguzwe mahali popote kwa kisingizio kwamba mabomba ya milimita 100 ndiyo yaliyopo dukani. Vipande vya bomba viunganishwe ili ncha iliyobanwa ielekee chini, kwenye jiko; hapo majimaji meusi ya moshi yatashuka ndani ya bomba na kurudi motoni badala ya kuvuja nje kwenye ukuta. Wengi hufunga kinyume, wakifikiria mvua ya nje, ilhali mvua huzuiwa kwa kofia na kwa kola inayozunguka bomba juu ya bati. Kila kiungo kikazwe kwa skrubu tatu. Pale paani, ukingo wa juu wa bati la kuziba uingie chini ya bati la juu yake, na ukingo wa chini ulale juu ya bati linalofuata, sawasawa na mabati yenyewe yanavyopishana.

Chini ya jiko pawe na sakafu isiyoungua, na itokeze mbele ya mlango wa jiko kwa sentimita 45, kwa maana makaa huruka mlango unapofunguliwa. Jiko ambalo halina maandishi ya mtengenezaji likae sentimita 90 kutoka kwenye ukuta au samani inayoungua.

Nakaribisha maswali na michango.

Mchangiaji wa 1 (fundi bati)

Ndugu mwanzisha uzi, nakuheshimu, ila nadhani unawatisha watu. Nimefunga dohani nyingi kwa bati lenye zinki la geji 28, nikapitisha darini moja kwa moja, na hakuna mteja aliyerudi kuniambia nyumba yake imeungua. Bomba la kiwandani bei yake haishikiki kwa mwananchi wa kawaida. Je, huoni kwamba ushauri wako utawarudisha watu kwenye jiko la mkaa chumbani?

Mwanzisha uzi

Fundi, swali lako ni la haki na ninalijibu kwa heshima hiyohiyo. Kwanza, kutorudi kwa mteja hakuthibitishi kwamba dari lake liko salama, kwa sababu hiyo ya kuchomeka polepole niliyoeleza. Nakuomba upande darini kwenye nyumba moja uliyoifunga misimu kadhaa iliyopita, uguse mbao iliyo karibu na bomba, na uitazame rangi yake. Ikiwa imekuwa ya kahawia iliyokolea au nyeusi, hapo umepata jibu bora kuliko langu.

Pili, geji 28 ina unene wa takriban nusu milimita au pungufu, na masizi yakishika moto ndani ya dohani joto linaweza kupita nyuzi 1,000. Bati hilo halitastahimili. Zinki yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 419, na huanza kuharibika chini sana ya hapo. Mafusho yake yakivutwa huleta homa na kifua kubana. Bati lenye zinki lifae kwa kofia na kuziba paa, lakini lisiwe njia ya moshi iliyo karibu na jiko. Ndani ya chumba tumia shiti nyeusi ya chuma yenye milimita moja au zaidi, ambayo wewe mwenyewe unaweza kuikunja.

Kuhusu gharama, ndiyo maana nimeweka dohani ya matofali bega kwa bega na ya kiwandani. Na kuhusu jiko la mkaa chumbani, hapo tuko pamoja kabisa. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia zilizolala na jiko la mkaa ndani na hazikuamka. Ila dohani iliyoziba au iliyofunguka kiungo huleta gesi ileile ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo hata aliye na dohani nzuri anunue kengele ya kutambua gesi hiyo, aiweke ndani ya chumba chenye jiko, umbali wa meta 1 hadi 3 kutoka kwenye jiko, na nyingine karibu na vyumba vya kulala.

Mchangiaji wa 2 (Lushoto)

Shukrani kwa uzi huu, mkuu. Nyumba yangu ni ya matofali, na jiko litakaa karibu na ukuta wa nje. Je, siwezi kutoa bomba kupitia ukutani, kisha likapanda nje, ili nisiguse dari kabisa?

Mwanzisha uzi

Unaweza, dada yangu au kaka yangu, na kwa nyumba ya tofali ni njia nzuri ya kuepuka kenchi. Hakikisha kwanza kwamba ukuta huo ni tofali tupu, bila linta ya mbao wala fremu ya dirisha iliyo karibu na tundu. Kipande kinacholala kiinuke sentimita 2 kwa kila meta kuelekea nje, na kiwe kifupi kadiri inavyowezekana. Nje, pale kinapokutana na bomba la wima, weka kiungo cha herufi T chenye mfuniko chini yake, ili masizi yaanguke hapo na uyatoe bila kubomoa kitu. Tundu la ukutani liwe pana kidogo kuliko bomba, kwa sababu chuma hutanuka kikipata joto. Ukilibana kwa saruji, ukuta utapasuka katika msimu wa kwanza. Pengo hilo lizibwe kwa kamba ya sufi isiyoungua.

Kuna mambo mawili ambayo watu wa njia hii husahau. Bomba likipanda nje hukutana na ubao wa pembeni mwa paa, ule unaoshikilia mfereji wa maji, na hapo masharti ya umbali kutoka kwenye mbao yanarudi vilevile. Pia bomba lililo nje hupoa. Moshi ukishuka chini ya nyuzi 120 hivi kabla ya kutoka, mvuke wake huganda ukutani mwa bomba na kuwa lami nyeusi inayowaka kwa ukali. Kwa hiyo bomba la nje liwe la kuta mbili lenye sufi, au lizungushiwe matofali hadi juu.

Mchangiaji wa 3 (Mtanzania aliyeko Ujerumani)

Naongeza kidogo. Huku ninakoishi huruhusiwi kuwasha jiko jipya la kuni kabla ya msafisha dohani wa wilaya kuja kulikagua na kukupa hati, na baada ya hapo dohani husafishwa kwa ratiba ya kisheria. Mwanzoni niliona ni usumbufu na gharama. Baada ya kuona anavyokagua kila kiungo na kila umbali kutoka kwenye mbao, natamani nyumbani tungekuwa na utaratibu kama huo, hata kama ni fundi mwingine tu kuja kukagua kazi ya mwenzake kabla dari halijafungwa.

Mwanzisha uzi

Hilo la kukagua kabla dari halijafungwa ni la thamani sana. Naliongezea: piga picha kila kona ya dohani darini ukiwa na rula ndani ya picha, uzihifadhi pamoja na karatasi za nyumba.

Mchangiaji wa 4 (Njombe)

Huku tunaambiwa tusichome misindano (paina) kwa sababu utomvu wake huziba dohani, tuchome miwati (aina ya akasia) na milingoti (mikaratusi) peke yake. Lakini misindano ndiyo tuliyo nayo kwa wingi kutoka kwenye viwanda vya mbao. Pia, usiku tunajaza jiko kuni na kufunga hewa ili moto ufike asubuhi. Je, ni sahihi?

Mwanzisha uzi

Kinachoziba dohani ni maji yaliyomo kwenye kuni pamoja na kunyimwa hewa, zaidi kuliko aina ya mti. Msindano uliokaushwa vizuri huwaka safi na kwa haraka. Mwati mbichi huacha lami nyingi kuliko msindano mkavu. Ni kweli kwamba miwati, ambayo Njombe inaijua tangu kampuni ya tanini (dawa ya kutengenezea ngozi inayotoka kwenye magome ya miwati) ilipoanza mwaka 1949, ni kuni nzito yenye makaa ya kudumu, na mwenye nayo ana bahati. Lakini iwe miwati au misindano, ipasueni, ipangeni juu ya magogo ili isiguse ardhi, ifunikeni juu peke yake huku pembeni pakiwa wazi kwa upepo, na muiache miezi 6 hadi 12. Lengo ni unyevu ulio chini ya asilimia 20. Mabaki ya mbao zilizotiwa dawa yasichomwe kabisa.

Kujaza jiko na kufunga hewa usiku ndiyo tabia mbaya kuliko zote ulizotaja. Moto unaonyimwa hewa hutoa moshi mzito na baridi, lami hujengeka usiku kucha, gesi ya sumu huongezeka, na siku utakayochochea moto mkubwa lami hiyo itawaka ndani ya dohani. Utaitambua kwa mngurumo kama wa lori linalopanda mlima, bomba kutetemeka, na cheche kutoka juu. Ikitokea, funga milango yote ya hewa ya jiko, toa watu wote nje, piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na usimwage maji kwenye bomba wala kwenye dohani ya matofali, kwa sababu mvuke utakuunguza na dohani itapasuka. Baada ya hapo usiwashe tena mpaka dohani nzima ikaguliwe.

Usafishaji ufanyike kabla ya baridi kuanza, na tena katikati ya msimu kwa anayewasha kila siku. Tabaka la masizi likifika milimita 3, usisubiri. Brashi iwe na upana wa bomba lenyewe, na wavu wa kofia usafishwe pia, maana huo ndio huziba kwanza.

Mchangiaji wa 5 (Limuru, Kenya)

Sisi huku shida yetu ni kwamba asubuhi tukiwasha, moshi wote hurudi chumbani kwa dakika kadhaa, halafu baadaye jiko huvuta vizuri. Bomba linapita paa kwa futi nne na hakuna jengo karibu, ila kuna mikaratusi mirefu upande wa upepo. Je, turefushe bomba?

Mwanzisha uzi

Kwa kuwa baadaye linavuta vizuri, kwanza shughulikieni hewa baridi iliyokaa ndani ya dohani usiku kucha. Fungueni dirisha moja lililo upande wa upepo kabla ya kuwasha, kisha chomeni gazeti lililokunjwa juu kabisa ndani ya jiko, karibu na mdomo wa bomba, mpaka muone mwali unavutwa kwenda juu. Hapo ndipo muwashe vijiti vikavu, na kuni nzito zifuate baadaye. Chunguzeni pia kama jikoni kuna feni ya kutoa hewa inayoachwa ikifanya kazi, kwa sababu nayo huvuta hewa kupitia kwenye dohani.

Ikiwa moshi hurudi pia mchana, hasa upepo ukivuma kutoka upande wa mikaratusi, hapo miti ndiyo inayosukuma upepo kushuka kwenye dohani. Ongezeni kipande cha meta moja, mfunge vyuma vya kushikilia, na mjaribu tena siku ya upepo kabla ya kufikiria kukata miti.

Kwa wote watakaowasha dohani mpya ya matofali mwaka huu: iacheni ikauke wiki kadhaa, muanze kwa mioto midogo kwa siku chache, na siku ya moto mkubwa wa kwanza mmoja wenu apande darini baada ya saa moja na ashike kwa kiganja mbao iliyo karibu zaidi na dohani. Ikiwa hawezi kuacha kiganja hapo, zimeni jiko na mrudishe fundi.